Lugha ya Jamii kama Msimbo wa Siri: Funzo la Kinavajo kwa Kizaramo na Kikwere cha Kibaha na Kisarawe

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna lugha ya jamii inavyoweza kutumika kama msimbo wa siri dhidi ya idara za ujasusi za kigeni, na masharti yanayoifanya ifae au isifae kazi hiyo. Mfano wa msingi ni Kinavajo, kilichotumiwa na Kikosi cha Marini cha Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia. Mfano huo unapimwa kwa kuulinganisha na hali ya Kizaramo na Kikwere katika maeneo ya Kibaha na Kisarawe, hasa wakati wa utawala wa Wajerumani na Vita vya Majimaji. Hoja kuu ni kwamba siri haimo katika ugumu wa sarufi wala uchache wa maandishi. Imo katika umbali uliopo baina ya lugha na taasisi za adui, na katika mapatano ya maana baina ya wasemaji. Kizaramo na Kikwere vilikosa umbali huo. Kwa hiyo siri za wenyeji zilijengwa juu ya mapatano ya maana peke yake. Makala yanahitimisha kwa kuonesha uzito wa jambo hili kwa lugha ambazo leo zinakosa warithi.

1.0 Utangulizi

Kisa cha Wanavajo hutajwa mara kwa mara katika mijadala ya isimujamii. Lugha iliyodharauliwa, ambayo watoto waliadhibiwa shuleni kwa kuizungumza, iligeuka kuwa ngao ya taifa lilelile lililotaka kuifuta. Kutokana na kisa hiki wengi hufikia hitimisho la haraka kwamba lugha yoyote isiyojulikana na watu wengi ni msimbo uliokwisha kutengenezwa, unaosubiri kutumiwa tu.

Hitimisho hilo linavutia, hususani kwa watetezi wa lugha za jamii, kwa sababu linazipa lugha hizo thamani ya kiulinzi. Hata hivyo, linazua swali linalohitaji jibu. Ikiwa lugha isiyojulikana na wengi ni msimbo, kwa nini Kizaramo na Kikwere havikuwa ngao ya wenyeji mbele ya dola ya Kijerumani? Na kama lugha hizo hazikutosha kuficha, wenyeji walificha kwa njia gani habari ambazo dola haikupaswa kuzijua?

Kibaha na Kisarawe, katika Mkoa wa Pwani, ni mahali panapofaa kwa swali hili kwa sababu tatu. Kwanza, Kizaramo ni miongoni mwa lugha za Tanzania Bara zilizoanza kuandikwa mapema. Pili, eneo hili lilipakana na makao makuu ya utawala wa kikoloni, Dar es Salaam, na sehemu yake ya kusini iliguswa moja kwa moja na Vita vya Majimaji. Tatu, lugha zake leo zinaachiwa nafasi na Kiswahili kwa kasi inayoonekana ndani ya kizazi kimoja. Kwa hiyo, eneo hili linaruhusu kuchunguza pamoja mambo ambayo kwa kawaida hujadiliwa mbalimbali: siri, uwekaji wa kumbukumbu za lugha, na uhai wa lugha.

2.0 Lugha, msimbo na fumbo

Ni vema kutofautisha dhana tatu ambazo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. Lugha ni mfumo unaoshirikiwa na jamii kwa ajili ya kueleweka. Kazi yake ya kwanza ni kufunua. Msimbo ni mfumo uliobuniwa kwa makusudi ili ujumbe ueleweke na waliopatana tu. Fumbo, kwa upande wake, hutumia maneno ya lugha ya kawaida lakini hukusudia maana ambayo msikilizaji wa juujuu haioni.

Tofauti hii ina matokeo makubwa kiusalama. Mwaka 1883 mwanaisimu na mtaalamu wa maandishi ya siri, Auguste Kerckhoffs, alitoa kanuni ambayo hadi leo ni msingi wa taaluma hiyo: mfumo mzuri ni ule unaobaki salama hata kama adui anajua jinsi unavyofanya kazi, mradi tu hajui ufunguo. Ufunguo unaweza kubadilishwa kila siku, mfumo hauwezi. Lugha ya jamii, ikipimwa kwa kanuni hii, ina udhaifu wa kimaumbile: haina ufunguo wa kubadilisha. Adui akishampata msemaji mmoja aliye tayari kutafsiri, siri yote imekwisha, na jamii haiwezi kuamka kesho yake ikiwa na lugha nyingine.

Kwa hiyo, swali la kisayansi si kama lugha fulani ni ngumu. Hakuna lugha iliyo ngumu kwa mtoto aliyezaliwa ndani yake. Swali ni nani anaijua, nani anaweza kuijua ndani ya muda ambao habari bado ina thamani, na ni kinga gani nyingine imewekwa juu yake.

3.0 Kinavajo: kinga ya tabaka mbili

Wazo la kutumia Kinavajo lilipelekwa kwa jeshi mwaka 1942 na Philip Johnston, mtoto wa mmisionari aliyekulia miongoni mwa Wanavajo. Halikuwa wazo geni kabisa, kwa kuwa askari wa jamii ya Wachoctaw walikwisha kupeleka ujumbe wa simu kwa lugha yao nchini Ufaransa mwaka 1918. Baada ya majaribio, Kikosi cha Marini kiliandikisha vijana 29 wa Kinavajo, na hao ndio waliobuni msimbo wenyewe. Hadi vita vinakwisha, Wanavajo wapatao 400 walikuwa wamefunzwa kuutumia.

Jambo linalopuuzwa mara nyingi ni kwamba vijana hao hawakuzungumza Kinavajo cha kawaida redioni. Walijenga msimbo juu ya lugha yao. Sehemu ya kwanza ya msimbo ilikuwa msamiati wa kijeshi. Kifaru cha vita kiliitwa kobe, *chay-da-gahi*. Nyambizi iliitwa samaki wa chuma, *besh-lo*. Bomu liliitwa yai, na bomu la mkono liliitwa kiazi. Majina ya ndege za kivita yalitokana na ndege wa porini, kila mmoja kwa tabia yake: arukaye juu, achupaye, abebaye mzigo. Orodha ya awali ilikuwa na maneno yapatayo 200, nayo iliongezeka hadi zaidi ya 400.

Sehemu ya pili ilikuwa alfabeti, kwa ajili ya kutaja majina ya watu na mahali. Kila herufi ya Kiingereza iliwakilishwa na neno la Kinavajo ambalo tafsiri yake ya Kiingereza huanza na herufi hiyo. Herufi A, kwa mfano, iliweza kuwa *wol-la-chee*, yaani chungu, yule mdudu mdogo. Baadaye iligundulika kwamba herufi zinazojirudia sana zingeweza kumfichulia adui mfumo wote kwa njia ya kuhesabu marudio, mbinu iliyoelezwa na mwanazuoni al-Kindi tangu karne ya 9. Kwa sababu hiyo herufi hizo ziliongezewa mbadala: A ikaweza pia kuwa tufaha au shoka.

Nguvu ya tabaka hizi mbili ilidhihirika kwa mkasa wa Joe Kieyoomia, askari Mnavajo wa Jeshi la Marekani aliyetekwa na Wajapani huko Ufilipino mwaka 1942. Watekaji wake walipotambua kwamba ujumbe walioukamata ulifanana na lugha yake, walimtesa ili autafsiri. Hakuweza. Alisikia maneno ya lugha ya mama yake, lakini maneno hayo hayakujenga habari yenye mantiki kwa mtu asiyefunzwa msimbo. Ule udhaifu wa lugha isiyo na ufunguo ulikuwa umezibwa: msemaji alipatikana, lakini ufunguo haukupatikana.

Kasi nayo ilikuwa muhimu. Katika mapigano ya Iwo Jima mwaka 1945, waendeshaji redio sita wa Kinavajo walipeleka na kupokea zaidi ya jumbe 800 katika saa 48 za kwanza bila kosa. Mashine za usimbaji za wakati huo zisingeweza kufanya kazi hiyo kwa wepesi kama huo. Msimbo uliondolewa katika orodha ya siri za serikali mwaka 1968.

Hapa inafaa kusahihisha imani iliyoenea kwamba Kinavajo kilifaa kwa kuwa hakikuwa na maandishi. Mapadre Wafransisko wa Arizona walichapisha kamusi ya kiethnolojia ya lugha hiyo mwaka 1910, miaka 32 kabla ya msimbo kubuniwa. Vitabu vilikuwepo. Kilichokosekana ni Wajapani waliokuwa wamekaa na lugha hiyo hadi kuisikia, kutenganisha maneno yake, kutambua toni zake, na kufuata viambishi vinavyojipanga mbele ya mzizi wa kitenzi chake. Hakukuwa na shule Tokyo iliyoifundisha, wala mfanyabiashara wa Kijapani aliyeoa katika ukoo wa Kinavajo. Umbali wa kijamii na kitaasisi ndio uliokuwa ukuta.

4.0 Kizaramo na Kikwere mbele ya dola ya Kijerumani

Umbali huo ukichukuliwa kama kipimo, hali ya Uzaramo na Ukwere mwishoni mwa karne ya 19 inaonekana kuwa kinyume kabisa. Tofauti zinajitokeza katika mambo matatu.

4.1 Ukaribu wa kinasaba

Katika uainishaji wa Guthrie, Kikwere kimepewa alama G32 na Kizaramo G33, pamoja na Kizigula, Kinguu, Kiluguru, Kikami na Kikutu. Lugha hizi zinashirikiana kwa kiwango kikubwa katika ngeli za nomino, upatanisho wa kisarufi, viambishi vya vitenzi na msamiati wa msingi. Mswahili anayesikia *munhu* na *wanhu* hahitaji mkalimani ili ahisi kwamba panatajwa mtu na watu. Mluguru au Mkutu anahitaji hata juhudi ndogo zaidi.

Ukaribu huu haukuwa siri kwa wageni wasomi. Carl Meinhof alichapisha mwaka 1899 kitabu chake kuhusu mfumo wa sauti wa lugha za Kibantu, akionesha kwamba sauti za lugha hizi hulingana kwa kanuni. Maana yake kiusalama ni nzito. Mtaalamu mwenye kanuni hizo mkononi, akijua Kiswahili, angeweza kukisia sehemu kubwa ya lugha ya Kibantu ambayo hajawahi kujifunza. Kinavajo hakikuwa na jamaa karibu na Japani. Kizaramo kilikuwa na jamaa kila upande, na mmoja wa jamaa hao, Kiswahili, alikuwa mtumishi rasmi wa dola.

4.2 Kumbukumbu za maandishi

Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu huko Unguja, alichapisha London mwaka 1869 kijitabu cha maneno ya lugha tatu ambazo hazijawahi kuchapishwa. Kizaramo kilikuwa mojawapo. Hiyo ni takribani miaka 15 kabla ya Carl Peters kukusanya mikataba yake ya ulaghai mwaka 1884. Kwa maneno mengine, maneno ya Kizaramo yalikuwa yamefika maktaba za Ulaya kabla ya bendera ya Ulaya kufika Uzaramo.

Katika miaka ya 1890 wamisionari wa Kijerumani walifungua vituo Kisarawe na Maneromango. Mmisionari aliyetaka kuhubiri alilazimika kujifunza namna watu wanavyosalimiana, wanavyoomboleza na wanavyogombana. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Si lazima mmisionari awe jasusi ili methali hiyo ifae. Inatosha kwamba ujuzi wake wa lugha uliweza kufika mahali ambapo yeye mwenyewe hakuukusudia.

4.3 Dola iliyojifunza

Ujerumani ilianzisha Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin mwaka 1887, na Kiswahili kilifundishwa huko kwa maofisa waliokuwa wakiandaliwa kwenda Afrika Mashariki. Miongoni mwa walimu wake tangu mwaka 1900 alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, jirani na Bagamoyo, ambaye maelezo yake ni msingi wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Hivyo, mtu wa mwambao huohuo alikuwa akifundisha lugha na desturi za mwambao katika mji mkuu wa dola iliyoutawala. Kwa upande wa utawala wa kila siku, maakida waliozungumza Kiswahili walisimama baina ya ofisa wa wilaya na majumbe wa vijiji.

Hata lugha za Tanzania zilizo mbali kabisa na Kibantu hazikuachwa. Kisandawe, chenye sauti za kidoko na kisicho na jamaa wa karibu miongoni mwa majirani zake, kiliandikiwa kitabu na daktari wa Kijerumani Otto Dempwolff, kilichochapishwa mwaka 1916. Ikiwa Kisandawe kilifikiwa, Kizaramo kilichozungumzwa umbali wa mwendo wa siku moja kutoka bandari ya Dar es Salaam kisingeweza kubaki pazia.

5.0 Siri katika lugha iliyo wazi

Haifuati kutokana na hayo kwamba wenyeji hawakuwa na siri. Walikuwa nazo, ila hawakuzificha ndani ya sauti za lugha. Mbinu tatu zinastahili kutazamwa.

5.1 Kinyume

Mbinu ya kwanza ni ile ijulikanayo pwani kama kinyume, ambayo Steere aliieleza katika kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870. Silabi ya mwisho ya neno huhamishiwa mwanzoni: *kisima* huwa *makisi*, na *maji* huwa *jima*. Kwa mwanafonolojia, kinyume ni ushahidi mzuri kwamba silabi ni kipashio halisi katika akili ya msemaji, kwani hata mtoto asiyejua kuandika huikata mahali panapostahili.

Kama kinga, hata hivyo, kinyume ni dhaifu. Kina ufunguo mmoja tu, haubadiliki, na mtu makini huugundua baada ya kusikia maneno machache. Hufaa kwa muda mfupi mbele ya mgeni au mtoto, hakifai mbele ya dola. Tena kinabadili umbo la neno huku kikiacha maana yake palepale. Umbo likirejeshwa, kila kitu kiko wazi.

5.2 Mafunzo ya mwali

Mbinu ya pili ni kinyume cha hiyo ya kwanza: umbo la neno linaachwa wazi, maana ndiyo inayofichwa. Katika jamii ya Wazaramo, kama ilivyoelezwa kwa kina na Marja-Liisa Swantz (1970), msichana aliyevunja ungo alitengwa ndani kama mwali, akafundishwa kwa nyimbo, vitendo na vitu vya ishara kama kile kinyago kidogo kiitwacho *mwana hiti*. Wavulana nao walikuwa na jando lao. Maneno ya nyimbo hizo yalisikika hadi nje ya nyumba. Mtu aliyepita njiani aliyasikia na pengine aliweza kuyaimba. Asichokuwa nacho ni ufafanuzi, kwa kuwa ufafanuzi ulitolewa ndani, ana kwa ana, na mtu mwenye haki ya kuutoa.

Wahenga walisema fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huling'amua. Lakini mafunzo ya mwali yanaweka mpaka kwa methali hiyo. Werevu peke yake hautoshi pale ambapo maana haikutokana na mantiki ya maneno bali na mapatano ya waliohudhuria. Huo ndio ulinganifu wa kweli baina ya mwali wa Kisarawe na askari redio wa Kinavajo: Kieyoomia alikuwa mwerevu na aliijua lugha, lakini hakuwa amehudhuria.

5.3 Njwiywila na neno maji

Mbinu ya tatu ilihusu vita yenyewe. Katika Umatumbi, kusini mwa Rufiji, habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe zilisambazwa kwa njia iliyoitwa *njwiywila*, yaani kunong'onezana kwa siri. Simulizi zilizokusanywa na Gwassa na Iliffe (1968) zinaonesha kwamba habari ilipitishwa kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, kila mmoja akimwamini anayefuata. Mnamo Julai 1905 pamba iling'olewa huko Nandete, na vita vikaenea. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti, lakini kifo chake hakikuzuia habari zilizokwisha kuondoka kinywani mwake. Kusini mwa Uzaramo, pande za Maneromango na Kisangire, ambako mashamba ya pamba ya kulazimishwa yaliwachosha watu tangu mwaka 1902, vita navyo vilifika. Kibasila, kiongozi wa Kisangire, ni miongoni mwa walionyongwa.

Kwa mwanaisimu, la kuzingatia ni neno lililobeba harakati hizo. *Maji* si neno la siri. Ni neno la Kiswahili ambalo kila ofisa wa Kijerumani alijifunza wiki ya kwanza. Kila siku lilitamkwa kisimani, jikoni na njiani. Lakini kwa waliopokea mnong'ono, lilikuwa na maana ya pili: dawa, kiapo, umoja wa watu wa makabila mbalimbali. Chaguo la neno la Kiswahili lilikuwa na faida ambayo neno la Kimatumbi au la Kizaramo lisingekuwa nayo. Liliweza kuvuka mipaka ya lugha pamoja na waliolibeba. Hapo ndipo Majimaji inapotofautiana na Kinavajo. Wanavajo walitaka ujumbe usivuke nje ya duara la jamii moja. Wapiganaji wa Majimaji walitaka ujumbe uvuke jamii nyingi bila kutua katika sikio la akida.

Gharama ya njia hii ilikuwa kubwa. Maana iliyopatanwa kwa mnong'ono hubadilika kila inapopita kinywa kipya, na hakuna kituo cha kuisahihisha. Ebrahim Hussein alilitumia tatizo hilo kama kiini cha tamthiliya yake ya Kinjeketile (1969), ambamo mhusika mkuu anaona neno alilolitoa likikua kupita uwezo wake wa kulisimamia. Wanavajo walikuwa na orodha iliyokaririwa na kila mmoja kwa namna moja. Njwiywila haikuwa nayo.

6.0 Kiswahili na masikio ya pande mbili

Huenda ikadhaniwa kwamba Kiswahili chenyewe kingeweza baadaye kuwa Kinavajo cha Tanzania. Historia ya majeshi ya kanda hii inaonesha sivyo. Askari wa Kijerumani na wale wa King's African Rifles walipokutana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, pande zote mbili zilikuwa na wasemaji wa Kiswahili. Jeshi la Uganda lilikirithi kama lugha ya kambini. Kwa hiyo, katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, Kiswahili kilikuwa lugha ya masikio ya pande mbili.

Tuseme kikosi kinaamua kumwita kifaru kobe kwa Kiswahili, kisha redioni isikike kwamba kobe watatu watavuka daraja saa nane usiku. Msikilizaji anayejua Kiswahili hatahitaji siku nyingi kujua kwamba kobe hawafuati saa. Muktadha wa sentensi utamfichulia kile ambacho neno lilificha. Katika Kinavajo adui hakuupata hata muktadha huo, kwa sababu hakujua neno linaanzia wapi na kuishia wapi. Tabaka la lugha lililinda tabaka la msimbo, na tabaka la msimbo lililinda tabaka la lugha. Likiondolewa moja, jingine hubaki uchi.

7.0 Kibaha na Kisarawe leo

Msimbo wa Kinavajo ulihitaji kitu ambacho mara nyingi hakitajwi kwa kuwa kilionekana cha kawaida: mamia ya vijana waliozaliwa katika lugha hiyo na kuimiliki kikamilifu. Kijana wa miaka 18 aliyeweza kutaja haraka majina ya ndege wa porini, mmoja baada ya mwingine, kwa tabia zao, alikuwa na hazina ambayo jeshi lisingeweza kuifundisha kambini.

Hazina ya namna hiyo katika Kibaha na Kisarawe inapungua. Barabara ya Morogoro, reli, viwanda, bandari kavu ya Kwala na taasisi kama Shirika la Elimu Kibaha zimelifanya eneo hili kuwa makazi ya watu wa lugha nyingi, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Elimu ya msingi hutolewa kwa Kiswahili. Ukaribu wa kinasaba ulioelezwa katika sehemu ya 4.1 nao unaharakisha mambo: mtoto wa Mzaramo au Mkwere huhamia Kiswahili bila kuhisi kwamba amehama, kwa kuwa ngeli ni zilezile na maneno mengi yanafanana. Lugha isiyoweza kumzuia mgeni kuingia ndiyo hiyohiyo isiyoweza kumzuia mwenyeji kutoka.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inahimiza jamii kuendelea kuzitumia na kujivunia lugha zao, na inahimiza utafiti na uandishi wa kamusi na sarufi zake. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, ni hatua katika mwelekeo huo. Hapa huzuka hofu ambayo haifai kudharauliwa: je, kuiandika lugha si kuifungua kwa wageni? Uchambuzi uliotangulia unaruhusu jibu lenye pande mbili.

Kwa upande mmoja, sarufi na kamusi haziui siri. Kamusi ya Wafransisko haikumsaidia Mjapani, na orodha ya Steere haikumpa akida maana ya pili ya neno maji. Katika zama hizi ambapo idara za ujasusi hutegemea hisabati ya usimbaji na mashine zinazotambua usemi, kuiacha lugha bila maandishi si kuilinda. Ni kuiacha ife kimya. Kwa upande mwingine, yapo maarifa ambayo jamii iliyaweka nyuma ya mlango kwa makusudi, kama yale ya mwali na jando. Mtafiti anayerekodi wimbo wa mkole amerekodi sauti. Ufafanuzi wake ni mali ya waliohudhuria, nao ndio wenye haki ya kuamua ni sehemu gani itoke, kwa nani, na lini.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba lugha haiwi msimbo kwa sababu ya udogo wake, ugumu wake, au kukosa kwake maandishi. Kinavajo kilifaa kwa sababu taasisi za adui zilikuwa mbali nacho na kwa sababu wasemaji wake waliongeza juu yake tabaka la mapatano. Kizaramo na Kikwere vilizungukwa na lugha za jamaa, viliandikwa mapema, na vilisikilizwa na dola iliyoishi kijijini. Kwa hiyo watu wake walitegemea mapatano ya maana peke yake, katika nyumba ya mwali na katika mnong'ono wa mwaka 1905. Njia zote mbili zinakutana katika jambo moja, kwamba mlinzi wa siri ni mtu aliyefunzwa na anayeaminiwa.

Kutokana na hayo, hoja ya kuhifadhi Kizaramo na Kikwere haihitaji kuegemea ndoto kwamba siku moja vitakuwa silaha. Wanavajo hawakuitunza lugha yao wakiisubiri vita. Waliitunza kwa kuwalea watoto ndani yake, na siku ilipohitajika ikakutwa hai. Kwa Kibaha na Kisarawe, kazi iliyo mbele ya wanaisimu ni kuandika sarufi na kamusi wakati wasemaji mahiri bado wapo, kwa kushirikiana nao kama wenye mali. Kazi iliyo mbele ya familia ni ya zamani zaidi, nayo haina mbadala wa kitaaluma: kuzungumza na mtoto.